Nani Aliibebesha Hii Kompyuta Mzigo?

Kuna swali ambalo mafundi wa kompyuta wa Luthuli Avenue na Moi Avenue, hapa Nairobi, huulizwa kila siku: "Fundi, hii bado inafaa, ama ninunue nyingine?"

Ukilisikia unadhani ni swali la kifundi tu. Fundi atafungua mashine, atapuliza vumbi, atataja RAM na diski, kisha atakupa bei. Lakini ndani yake mna swali lingine ambalo fundi hakulipwa kulijibu. Kitu kinapoitwa kikuukuu, ni nani aliyeamua hivyo? Na mimi mwenye kitu, nina wajibu wowote wa kuuchunguza uamuzi huo kabla sijakitupa?

Swali hili limenisumbua tangu mwaka jana kwa sababu ya kompyuta ya kwetu nyumbani. Walimu wetu walisisitiza tuiite tarakilishi, lakini kwetu inaitwa tu mashine. Ni ya mezani, yenye prosesa ya Core i3 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Tulipoinunua haikuwa mpya. Ilikuwa mojawapo ya zile wanazoita ex-UK. Ofisi fulani kule Uingereza iliitumia miaka michache, ikaiona imepitwa na wakati, ikaiondoa mezani. Ikapakiwa kwenye meli pamoja na wenzake, ikashuka Mombasa, ikaishia sebuleni kwetu ikiwa imefunikwa kwa kitambaa cha mama cha kufuma. Kwetu ilikuwa mpya kabisa. Majirani walikuja kuiona.

Kwa hivyo mashine ile ile ilikuwa kuukuu London na mpya Thika katika mwaka mmoja. Hakuna waya uliobadilika baharini. Kilichobadilika ni watu waliokuwa wakiitazama na kazi waliyotaka iwafanyie.

Miaka ikapita, mambo yakawa mabaya. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kuchemsha chai, unywe, uoshe kikombe, na bado haijakuwa tayari. Ukifungua Word inaganda. Ukifungua kivinjari feni inanguruma kama posho mill. Dadangu mdogo alikuwa ndiyo ameingia chuo kikuu na alihitaji mahali pa kuandikia kazi zake. Binamu yetu, ambaye kila kitu kwake kina suluhisho la haraka, akasema, "Hiyo ni ya kutupa tu. Chukueni laptopu ya kulipa mdogo mdogo." Mama akauliza mdogo mdogo hiyo inaisha lini na jumla yake ni ngapi. Tukanyamaza, maana jumla tuliijua.

Kabla ya kuamua, nilitaka nielewe neno moja ambalo wote tulikuwa tukilitumia bila kulikagua. Tulikuwa tukisema mashine "imekuwa pole pole". Je, ni kweli?

Prosesa ya mashine ile hupiga mapigo zaidi ya bilioni tatu kwa sekunde. Ndivyo ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani na ndivyo ilivyo leo. Chipu haichoki magoti. Haipati baridi yabisi. Ni kweli kuna mambo mawili yanayoweza kuipunguza kasi kimwili. La kwanza ni joto: vumbi likijaa kwenye feni, na ile dawa nyeupe inayopakwa juu ya prosesa ikikauka, prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. La pili ni diski ya kizamani, ile yenye sahani inayozunguka na mkono mdogo wa chuma unaorukaruka juu yake kutafuta data. Mkono huo hauwezi kuruka zaidi ya mara mia moja hivi kwa sekunde, na diski yenyewe ikikaribia kufa hurudia rudia kusoma sehemu zilizoharibika. Ukiondoa hayo mawili, mashine ya miaka kumi ina nguvu zile zile ilizokuwa nazo.

Sasa mbona imeshindwa? Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja nikatazama orodha ya vitu vinavyojiwasha mashine inapowaka. Vilikuwa kumi na saba. Kulikuwa na programu ya printa tuliyoiuza zamani, ambayo kila asubuhi ilikuwa inaamka kuitafuta printa hiyo. Kulikuwa na programu ya kuzungumza ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuitumia. Kulikuwa na vilinzi viwili vya virusi, kila kimoja kikimchunguza mwenzake. Na kulikuwa na programu moja iliyojiita ya "kusafisha na kuongeza kasi", ambayo ndiyo ilikuwa inakula kumbukumbu kuliko zote, huku ikitoa onyo jekundu kwamba mashine yetu ina makosa mia kadhaa na tulipe ili iyaondoe. Dawa ndiyo ilikuwa ugonjwa.

Nilimwuliza kila mtu nyumbani nani aliziweka. Hakuna. Na nadhani walisema kweli. Programu nyingi za aina hii huingia zikiwa zimebebwa na nyingine, kwenye kile kidirisha ambacho kila mtu hubonyeza "endelea" bila kusoma. Mashine yetu haikuwa imepungua nguvu. Ilikuwa imebebeshwa mzigo na watu ambao hatuwajui, kwa idhini ambayo hatukumbuki kuitoa.

Hapo ndipo suala linapogeuka kuwa la kimaadili. "Pole pole" si sifa ya kitu peke yake. Ni uhusiano kati ya nguvu za kitu na mzigo kilichopewa. Tukisema tu "imezeeka", tunaifunika nusu ya pili ya uhusiano huo, na pamoja nayo tunawafunika waliopakia.

Tazama jinsi mzigo ulivyokua. Windows XP ilipotoka 2001 ilihitaji angalau MB 64 za RAM. Windows 11 ilipotoka 2021 ilihitaji angalau GB 4. Hiyo ni mara 64 katika miaka 20. Lakini barua ya kuomba kazi ni ile ile ukurasa mmoja, na ripoti ya chama bado ni majina ishirini na safu ya shilingi. Sikatai kwamba tumepata vitu vizuri njiani: usalama bora, video, maandishi yanayosomeka vizuri, herufi za lugha ambazo zamani hazikuandikika. Hata hivyo, sehemu ya uzito huo ni uvivu wa watengenezaji, ambao wanajua wewe ndiye utakayelipia RAM. Mswisi Niklaus Wirth, aliyeunda lugha ya programu ya Pascal, alilalamikia jambo hili tangu 1995. Alisema programu zinakuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyopata nguvu. Miaka thelathini baadaye hajapitwa na wakati.

Na uzito mwingine si uvivu, ni biashara. Fungua ukurasa mmoja wa habari. Habari yenyewe ni maneno mia tano, lakini pamoja nayo huja matangazo, video inayojicheza bila kuombwa, na msururu wa vifuatiliaji vinavyoandika umesoma nini na kwa muda gani. Vyote hivyo vinafanya kazi ndani ya mashine yako. Stima ni yako, tokeni umenunua wewe. Bando ni lako. Halafu mashine ikihema chini ya mzigo huo, unaambiwa ni kuukuu, na tangazo linalofuata ni la laptopu mpya.

Msomaji, kama umeajiriwa hapa mjini, hadithi hii unaijua kwa njia nyingine. Uliandikwa kufanya kazi moja. Mwenzako akaacha kazi, ukaambiwa ushikilie tu kwa muda. Wa pili akaondoka. Ukaongezwa kundi la WhatsApp la kazi, kisha lingine. Mwisho wa mwaka ukaitwa ofisini ukaambiwa, kwa upole, kwamba siku hizi umepungua kasi. Hakuna aliyetaja mzigo. Na ubaya ni kwamba ulirudi nyumbani ukaamini. Ukaanza kutafuta video za jinsi ya kuamka saa kumi alfajiri.

Sisemi mtu ni kompyuta. Kompyuta haiumii, na mimi sina deni la huruma kwa kipande cha chuma. Ninachosema ni kwamba ni tabia moja ya kufikiri. Anayezoea kuuliza "mbona hiki kimechoka?" bila kuuliza "kimebebeshwa nini?" hataiacha tabia hiyo mlangoni akiingia kwa watu.

Basi wajibu ni upi? Kwanza nisikilize upande wa pili, kwa sababu wana hoja, tena nzito.

Hoja ya kwanza ni ya usalama. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, miaka kumi baada ya kuitoa. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mashine yetu ni ya kizazi cha nne. Haikuvunjika wala kuungua, iliwekewa tarehe. Ni rahisi kukasirika hapo, lakini tuwe waadilifu. Hakuna kampuni inayoweza kuziba matundu ya programu ya zamani milele, na mashine isiyozibwa matundu si hatari kwako peke yako. Mwizi akiiingia anaweza kuitumia kushambulia wengine. Kwa hivyo kung'ang'ania kitu cha zamani hivi hivi si wema. Ukiamua kukaa na mashine kuukuu, kuifanya iwe salama ni sehemu ya uamuzi huo.

Lakini tarehe na ukweli ni vitu viwili tofauti. Apple ilipokiri 2017 kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, maelezo yake ya kiufundi yalikuwa na maana: betri dhaifu ingeweza kuzima simu ghafla. Bado mwaka 2020 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda wateja iliipiga faini ya euro milioni 25. Kosa lilikuwa kutowaambia wenye simu. Kuna watu ambao huenda wangebadilisha betri tu, lakini kwa kuwa hawakujua, walinunua simu mpya. Nadhani Wafaransa waligusa penyewe. Mtu akinyimwa habari ya mzigo, amenyimwa pia uamuzi.

Hoja ya pili ilitoka kwa dadangu, na iliniuma kidogo. Aliniambia: "Wewe una laptopu yako ya kazi. Ni rahisi kuhubiri ukarabati ukiwa na mashine nzuri. Mbona uvumilivu huwa unafundishwa maskini pekee?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kuna sifa za uongo tunazowapa watu wa kipato cha chini: wanajua kutengeneza, hawatupi kitu, wana ubunifu wa jua kali. Sifa hizo mara nyingi hutolewa na watu ambao wenyewe hawako tayari kusubiri dakika kumi Word ifunguke. Saa za mwanafunzi ni saa. Kama wenzake wanamaliza kazi saa mbili usiku na yeye saa sita, kwa sababu tu ya mashine, hiyo ni dhuluma hata kama imepambwa kwa maneno ya kuhifadhi mazingira. Kwa hivyo nikubali wazi: ukarabati usiomwezesha mtu kufanya kazi yake si fadhila. Ni kumbakisha nyuma.

Hata hivyo, hoja hiyo haivunji wajibu wa kuchunguza. Inaukazia. Aliye na pesa akinunua mashine asiyoihitaji, amepoteza kidogo. Sisi tukiingia mkopo wa mwaka mzima kwa sababu ya programu kumi na saba zilizojipakia, tumepoteza karo. Asiye na cha kupoteza ndiye anayehitaji zaidi kuambiwa ukweli kuhusu mzigo.

Halafu kuna wanaolipa bila kuwepo kwenye mazungumzo. Sehemu kubwa ya hewa chafu inayotokana na laptopu hutoka wakati wa kuitengeneza, kabla hujaiwasha hata mara moja. Tantalamu iliyo ndani ya vifaa vyake vidogo hutoka kwenye koltani, na koltani nyingi huchimbwa kwa mikono mashariki mwa Kongo, mahali kama Rubaya. Upande wa pili wa safari ni hapa kwetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa inavyofaa. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomwajibisha mtengenezaji kwa bidhaa yake hata baada ya kutupwa. Lakini nenda Dandora uone waya zinavyochomwa ili ipatikane shaba, na ni nani anayeuvuta huo moshi. Kila "ya kutupa tu" ina mahali inapotua.

Kwa hivyo tulisafisha. Nitaeleza tulichofanya, kwa sababu maadili yasiyoshika bisibisi ni maneno tu. Tulinakili kwanza faili zote kwenye diski ya nje. Tulifungua mashine tukiwa tumeichomoa stima, tukatoa vumbi kwa brashi laini, tukapaka dawa mpya ya joto. Tulitoa diski ya kuzunguka tukaweka SSD, ambayo haina mkono wa kurukaruka na husoma vipande maelfu kwa maelfu kwa sekunde. Tukaongeza RAM ikawa GB 8. Yote kwa pamoja, sehemu ndogo tu ya bei ya ile laptopu ya mkopo. Na kwa kuwa Windows 11 ilitukataa, tukaweka Linux Mint, ambayo ni bure, inazibwa matundu hadi leo, na haikuuliza mashine ni ya kizazi gani. Sasa inawaka kabla maji ya chai hayajapata moto.

Kilichochukua muda mrefu si bisibisi. Ni faili. Programu ya kusafisha ilikuwa imetuandalia orodha ya "faili zisizotumika", yaani ambazo hazijafunguliwa kwa miaka. Tukaipitia mmoja mmoja. Kulikuwa na picha za skrini zisizo na maana na nakala kumi na moja za CV moja. Hizo tulifuta bila kusita. Lakini kulikuwa pia na ratiba ya mazishi ya shosho, na orodha ya michango ya harambee ya hospitali ya baba, jina kwa jina, mia mbili mia mbili. Mama aliisoma yote kwa sauti. Majina mengine alikuwa amewasahau, na wawili kati yao walikuwa na shida mwezi ule ule na hakuna aliyekuwa amewapigia simu.

Hapo nikaona kwamba kutotumika si sawa na kutohitajika. Programu inaweza kuhesabu ni lini faili ilifunguliwa mara ya mwisho. Haiwezi kujua tunadaiwa nini na walioandikwa ndani yake. Uamuzi huo hauna budi kubaki kwa mtu, na mtu mwenyewe lazima akae chini asome.

Ninachopendekeza, basi, si kwamba kila kitu cha zamani kihifadhiwe. Kuna mashine zilizokufa, na kuzipeleka kwa wachakataji wanaofaa ni heshima. Ninapendekeza mpangilio wa maswali. Kabla ya kuuliza "ni ya lini?", uliza "imebebeshwa nini?" Kisha "nani alipakia, na kwa faida ya nani?" Kisha "kazi ninayohitaji ni ipi hasa?" Mwisho kabisa, ukishajibu hayo, ndipo uulize bei ya mpya. Watu wengi huanzia hapo mwisho, na kuna biashara kubwa inayotegemea waendelee kuanzia hapo.

Dadangu anaandikia kazi zake kwenye mashine hiyo, na hasemi vibaya kuihusu. Lakini kuna programu moja ya somo lake ambayo haifanyi kazi bila Windows, kwa hiyo siku mbili kwa wiki anapanga foleni kwenye maabara ya chuo. Bado anataka laptopu. Chama kitagawa pesa mwishoni mwa mwaka, na nadhani ataipata, tena ana haki nayo. Ya mezani itabaki kwa mama. Ameanza kuandika upya ile orodha ya harambee, safari hii akiweka safu ya pili kando ya kila jina: sisi tumewasaidia lini.